Noah ya mume wangu imekamatwa bandarini Mkoani kwa deni la miezi miwili na kasainishwa karatasi, tuna haki gani?

MamaWaWesha

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naandika hapa mana tangu jana sijalala na kila mtu ananambia lake. Mume wangu ana Noah anapakia abiria Mkoani na Chake hapa Pemba, meli ikija asubuhi yeye yupo bandarini, siku nyengine anabahatika kupata wageni wa hoteli. Gari tulichukua kwa mkopo kwa kampuni moja ya mjini Unguja, tulitoa kianzio milioni 5 (hiyo ni dhahabu yangu mie na pesa za karafuu za mama mkwe) na iliyobaki tunalipa laki 6 na elfu 20 kila mwezi kwa miezi 24. Tushalipa miezi 17 hatujaruka hata mmoja. Kufika mwezi wa nne enjini ikafa, fundi akala kila kilichokuwemo ndani, na masika yale wageni hakuna, basi mwezi wa nne na wa tano hatukulipa. Hatukujificha, tulipiga simu ofisini kwao tukaeleza na yule kijana akasema sawa mtalipa mkitengemaa. Lakini ni maneno ya simu tu, hakuna maandishi.

Jana tarehe 28 alfajiri meli haijafunga hata kamba wakashuka watu wanne kwenye gari aina ya Keri, wawili wakasimama mbele ya gari, mmoja akatia mkono dirishani akachomoa ufunguo. Wakamwambia mkataba ushavunjika gari inarudi kwa wenyewe. Abiria wawili washaingia na mizigo yao, watu wanatizama, mume wangu akaona haya ile mbaya. Wakamuwekea karatasi juu ya boneti na kalamu, wakamwambia saini hapa mambo yawe mepesi. Akasaini. Hakuisoma na nakala hakupewa. Ndani ya gari mmebaki mkoba wa skuli wa mwanangu wa darasa la tano, kitambulisho cha mume wangu na tairi ya akiba mpya tuliyoinunua mwezi wa pili.

Leo wamepiga simu. Wanataka yale malimbikizo 1,240,000, na faini elfu 20 kila siku tangu tarehe 5 mwezi wa nne, na laki 8 na nusu ati gharama ya kukamata. Nimejumlisha inakuja 3,150,000. Tumepewa siku 7, zikipita gari inapakiwa meli kwenda Unguja inapigwa mnada na tulizolipa zote tuzisahau.

Suali langu, wana ruhusa ya kuchukua gari ya mtu bandarini bila ya mahkama? Zile pesa zetu ndo zimekwenda? Na ile karatasi ndo tushajifunga? Anaejua anisaidie kwa ajili ya Mungu.

Popo_wa_Tibirinzi

Pole sana dada. Ufunguo wa pili mnao? Kama mnao mjue gari imewekwa wapi, usiku mume wako aende na vijana wawili akaichukue gari yake ailete nyumbani, wakitaka wende wao mahkamani. Usikubali kuonewa.

MstaafuWaYadi

Dada usifuate hiyo ya ufunguo wa pili tafadhali. Najua kaka hapo juu ana uchungu na nyinyi lakini nimewaona watu wawili wamelala ndani kwa jambo hilohilo, gari ikishatoka mkononi mwako na kadi ya gari ina jina la kampuni, ukienda kuitoa usiku kampuni inaripoti wizi na hapo deni ambalo lilikuwa ni madai tu linageuka jinai, na polisi hawatakuuliza umelipa miezi mingapi.

Nazungumza kwa kujua mana nimefanya kazi ya kukusanya madeni ya gari miaka 6, Unguja na Dar, na nimeiacha kwa hiari yangu mwenyewe kwa sababu moyo ulinishinda. Wacha nieleze inavokwenda ili mjue mnapambana na nini.

Rejesho likipita tarehe, siku za mwanzo anaepiga simu ni kijana wa ofisini. Yule hana uwezo wa kumpa mtu muda, kazi yake ni kupiga simu na kuandika mteja kasema nini. Akikwambia "sawa mtalipa mkitengemaa" anaandika "mteja kaahidi kulipa", basi, ile huruma yake haimo kwenye faili. Kwa hiyo siku zote ukiomba muda omba kwa meseji au barua upate jawabu ya maandishi, hata WhatsApp inatosha, mana ya simu inakufa simu ikikatwa.

Ikipita siku 30 faili linahama kwenda kwa watu wa kufuatilia, na pale kwetu ikifika 60 anapewa dalali wa nje. Huyu hana mshahara, analipwa kwa kila gari anayoikamata. Hana habari umelipa miezi 17 au miwili, kwake gari ni gari. Na kukupata si kazi, gari nyingi za mkopo zina traka imefichwa nyuma ya redio au chini ya dashibodi. Sisi tulikuwa tunaangalia gari inasimama wapi kila siku saa ngapi. Hatukuwa tunapenda kwenda nyumbani kwa mtu, mana pale atatoka mke, atatoka jirani, ataitwa sheha wa mtaa, mambo yanakuwa marefu. Bandarini, petroli steshini, kituoni mbele ya abiria, hapo mtu anaona haya na anataka yaishe upesi. Hivo mume wako hakuwa mjinga dada, pale palichaguliwa makusudi.

Sasa ile karatasi. Kwa jina lolote watakaloipa, maneno yake ni kuwa "nimekabidhi gari kwa hiari yangu". Ile ndo roho ya kazi yote. Bila ya ile, mteja akienda mahkamani kampuni itaulizwa nani kawapa ruhusa ya kumnyang'anya mtu. Ikiwepo wanasema hatukumnyang'anya, kaileta mwenyewe. Tulifundishwa kalamu itoke mfukoni kabla mtu hajatulia.

Na hiyo laki 8 na nusu ombeni risiti ya dalali. Kwetu sisi dalali alikuwa akilipwa laki 2 na nusu, mteja anaambiwa laki 7. Niliyaona kwa macho yangu na nikanyamaza, Mungu anisamehe.

Vitu vya ndani si sehemu ya mkopo. Nendeni kesho mapema na mtu mzima wa kushuhudia, ombeni kitambulisho na mkoba wa mtoto, na ombeni nakala ya fomu ya vitu walivovikuta kwenye gari. Mpige picha gari pande zote nne na kilomita kwenye dashibodi. Msigombane na mlinzi wa yadi hana kosa.

Msaidizi_Sheria_Wete

Nimsifu mstaafu hapo juu kwa ukweli wake. Mie ni msaidizi wa sheria, si wakili, lakini kesi za gari na boda za mkopo nimezishika kidogo hapa Pemba kwa hiyo ntasema ninayoyajua.

Kwanza dada kaa chini na mkataba usome mwenyewe mstari kwa mstari, mana jawabu ya masuali yako matatu iko mle zaidi kuliko hapa. Kuna mikataba ya namna mbili watu wanaichanganya. Kuna ule ambao gari inabaki mali ya kampuni mpaka rejesho la mwisho, nyinyi mmeikodi huku mnainunua, kadi iko kwa jina lao. Na kuna ule ambao gari ni yenu, kadi jina lenu, ila mmeiweka dhamana ya mkopo. Huu wa pili kampuni haina gari, ina haki juu ya gari, na ikitaka kuuza lazima ikutaarifu ikupe nafasi ya kulipa, na bei ikizidi deni ile ziada ni yako. Ule wa kwanza wao wana nguvu zaidi lakini nao bado wanafungwa na maneno ya mkataba wao wenyewe. Kila mtu anausoma mkataba kama kamba ya mteja peke yake, na wao wamesaini pia.

Pili, msinukuu sheria mlizozisoma mitandaoni za bara. Bara wana sheria yao ya ununuzi wa mkopo ya 1966, lakini mambo ya mikataba si ya Muungano, huku kwetu tuna Sheria yetu ya Mikataba, ile ya zamani Sura ya 149. Ukienda mahkamani Chake na kifungu cha bara utamaliza siku bure. Ila uzuri ni kuwa mzizi wake na ule wa bara ni mmoja, zote zimetokana na sheria ya mikataba ya India ya 1872, kwa hiyo misingi inafanana. Mmoja ni kuwa ridhaa ya mtu lazima iwe ya hiari. Ukisaini kwa kutishwa, au kwa kudanganywa karatasi inasema nini, aliyeonewa anaweza kuikataa. Mwengine ni wa faini. Mkataba hata ukitaja faini elfu 20 kwa siku, mahkama hailazimiki kukupa mzigo wote ule, inatizama hasara ya haki ni kiasi gani na ile faini inakuwa ni mwisho tu usiovukwa. Hebu fikirini, kuchelewesha 1,240,000 ndo mtu apate hasara ya milioni moja na elfu sitini kwa siku 53?

Kuhusu karatasi. Saini ni saini, haifutiki kwa kusema sikusoma. Lakini ukikaa kimya wiki mbili ndo unaithibitisha. Kwa hiyo andikeni barua LEO si kesho, mseme tarehe 28 saa kadhaa gari ilichukuliwa bandarini, ufunguo ulichomolewa kabla ya karatasi kutolewa (hii muhimu sana, isemeni mwanzo kabisa, mtu hakabidhi kwa hiari kitu ambacho kishachukuliwa), hakupewa nafasi ya kusoma, hakupewa nakala, na hakubali kuwa alikabidhi kwa hiari. Majina ya wapagazi waliokuwepo na wale abiria kama mnawajua. Nakala mpelekeeni sheha aigonge muhuri wa kupokea ili tarehe ijulikane.

Na kwenye barua hiyohiyo semeni mko tayari kulipa malimbikizo, mnaomba stetimenti ya mkopo mzima. Mdaiwa anaetaka kulipa anasikilizwa, anaetaka kusamehewa tu ni vigumu.

Kuhusu kupakia meli, hapo ndo pa kukimbilia. Gari ikishafika Unguja nauli, malazi, wakili, kila kitu kinakuwa mara mbili. Wakikataa kuzungumza nendeni mahkamani Chake muombe zuio la muda gari isiuzwe wala isihamishwe mpaka mambo yasikilizwe. Msaada ni bure, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 wasaidizi tupo hadi kwenye shehia, na Kituo cha Huduma za Sheria kina ofisi hapohapo Chake Chake. Msimpe mtu pesa ya kuandikiwa barua.

Kampuni kama ina leseni ya kukopesha iko chini ya Benki Kuu. Kuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019. Mnaanza kulalamika kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, isipowapa jawabu ya maana ndo mnapanda Benki Kuu, ofisi yao ya Zanzibar iko Gulioni. Kama haina leseni hiyo ni habari nyengine na mtuambie.

Na suali moja kwako dada mwenyewe, wewe ulisaini popote kama mdhamini?

BosiWaBoda_Konde

Mie ntasema upande wa pili na msinichukie. Nilitoa boda 4 kwa mkataba, vijana wanaleta hesabu kila siku na baada ya mwaka na nusu boda inakuwa yake. Mbili zimelipwa vizuri na wale vijana leo wana boda zao alhamdulillahi. Mbili sijaziona tena, moja nimesikia iko Tanga imebadilishwa rangi. Zile pesa nilikopa na mie. Kwa hiyo mtu akikwambia mwenye gari asikamate mali yake mpaka mahkama iseme, miezi sita ya mahkama boda inakuwa vyuma chakavu.

Lakini huyu dada si mtu wa kufanyiwa hivi. Miezi 17 kalipa, kapiga simu, yuko barabara ileile kila asubuhi. Mie kijana wangu akilipa hivyo akakwama miezi miwili namwita tunakaa kibarazani tunapanga. Dini yetu imesema mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate. Faini ya elfu 20 kwa siku juu ya mtu ambae gari yake mbovu, hiyo pesa utaila vipi.

Mpemba_Ughaibuni

Niko Uingereza miaka 14 sasa na jambo hili lilinikuta mwenyewe mwaka wa tatu kufika, wacha nieleze ya huku si kwamba yatakusaidia mahkamani Chake bali uone watu wengine wamelipangaje.

Huku kuna sheria ya mikopo ya 1974. Ukichukua gari kwa ule mtindo wa kukodi huku unanunua, ukishalipa thuluthi moja ya bei yote, kampuni haiwezi kukuchukulia gari bila ya amri ya mahkama. Wakiichukua kwa nguvu zao mkataba unakufa palepale na wanatakiwa wakurudishie kila senti uliyolipa tangu siku ya kwanza. Kabla ya hapo pia lazima wakupe notisi ya siku 14 inayosema unadaiwa kiasi gani na ufanye nini kurekebisha. Na hata kama hujafika thuluthi hawaruhusiwi kuingia uwanjani kwako kuchukua gari bila ya mahkama. Tena ukifika nusu ya bei, ukaona umeshindwa, unaweza kuirudisha gari mwenyewe na deni linaishia hapo almuradi huna malimbikizo na gari haijaharibiwa.

Sasa sikilizeni hii. Mie nilikuwa nishalipa zaidi ya thuluthi, sikujua. Alikuja mtu mmoja mpole sana mlangoni, kavaa tai, akaniambia kaka ukinipa ufunguo leo tunakusaidia gharama. Nikampa na nikasaini. Baadae nakwenda kwenye ofisi ya ushauri wa bure naambiwa ukikabidhi kwa ridhaa yako ulinzi wote ule hauko tena. Karatasi moja. Ndo mana nlivosoma ya boneti Mkoani nikaacha kusoma nikatembea chumbani.

Mdogo wangu yuko Ohio Marekani, huko ni shida zaidi, hawahitaji mahkama kabisa, usiku brekidauni inakuja inakokota gari nje ya nyumba asubuhi unakuta mahali patupu. Sharti lao ni moja, wasivunje amani, yani ukitoka ukasimama ukawaambia hapana wanatakiwa waondoke. Na wakiiuza lazima uuzaji uwe wa haki wa kibiashara na wakutaarifu kabla, ikizidi wanakurudishia, ikipungua wanakudai kilichobaki. Mdogo wangu alilipa mwaka mzima gari ambayo hana.

Mvita_Damu

Salam kutoka Mombasa. Kwetu Kenya kipimo ni thuluthi mbili, ukishalipa hizo mwenye gari hawezi kuitwaa mwenyewe sharti akushtaki, na mkataba wa aina hiyo lazima uwe umesajiliwa. Dada nimekupigia hesabu, bei yote ni 5,000,000 na 24 mara 620,000, jumla 19,880,000. Mushalipa 15,540,000. Hiyo ni zaidi ya robo tatu! Ingekuwa upande wetu wa bahari hiyo Noah ingekuwa mlangoni kwenu. Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi.

MamaWaWesha

Jazakallah kheir nyote, nimewasomea mume wangu na mama mkwe na mama mkwe kalia aliposikia ile hesabu ya kaka wa Mombasa, hatujawahi kuijumlisha hata siku moja.

Msaidizi, mie sikusaini udhamini, aliyesaini ni ami yake mume wangu, na yeye washampigia kumtisha.

Jana usiku umeme ulikatika nikausoma mkataba kwa taa ya simu, kurasa 11, maandishi madogo kama chungu. Kadi ina jina la kampuni. Kifungu cha 9 kinasema kampuni inaweza kuichukua gari popote ilipo mteja akikosa marejesho mawili. Nikavunjika moyo. Nikaendelea tu kwa sababu ulisema mstari kwa mstari, kufika cha 12 kimeandikwa kuwa kabla ya kutumia haki ya kifungu cha 9 kampuni itampelekea mteja notisi ya maandishi ya siku 14 kwa anuani yake. Anuani yetu imeandikwa pale, Wesha, na jina la shehia. Hatujapata notisi. Nimemuuliza sheha hajaletewa kitu. Na nimetafuta faini ya elfu 20 mkataba mzima, haimo. Kilichoandikwa ni "gharama za ucheleweshaji kama zitakavopangwa na kampuni".

Msaidizi_Sheria_Wete

Dada hicho kifungu cha 12 ndo gari yenu. Hawana notisi hawana haki ya cha 9, wameruka ngazi yao wenyewe. Andikeni kwenye barua neno kwa neno mlivolikuta. Na hiyo ya "kama zitakavopangwa" waulizeni ilipangwa lini, kwa karatasi gani, na nyinyi mlijulishwa lini. Ami asiogope na asisaini chochote, asiende ofisini kwao peke yake. Kesho saa 3 niko Chake, njooni na mkataba, risiti zote 17 na ile ya kianzio. Kama za simu chapisheni.

MstaafuWaYadi

Wakikwambia notisi ilitumwa, sema nionesheni saini ya aliyepokea. Usiseme zaidi. Kwenye faili nyingi nilizozishika hiyo karatasi ilikuwa inachapishwa baada ya gari kukamatwa, na tarehe ya nyuma.

MamaWaWesha

Nimerudi, leo ni siku ya 12 na wengi mmeniuliza sanduku la ujumbe.

Tulikwenda ofisini kwao hapa Pemba mie, mume wangu, sheha na msaidizi. Mwanzo hawakutaka kutuona, wakasema mzungumze na Unguja. Msaidizi akawapa barua, akasema tunasubiri hapahapa mpaka mtugongee muhuri wa kupokea. Tulikaa kwenye benchi tangu saa 4 mpaka adhuhuri. Walipousoma ukurasa wa pili yule mkubwa wao wa hapa akatoka nje kupiga simu, aliporudi sauti ishabadilika. Akaulizwa notisi iko wapi akasema ilitumwa, msaidizi akamwambia tuoneshe saini ya aliyepokea, akanyamaza akafungua droo akaifunga.

Haikuisha siku ile. Siku ya tatu wakatuita, wakasema faini wanaiondoa yote. Gharama ya dalali wakataka laki 5, tukaomba risiti, ikaja risiti ya laki 3. Kwa mujibu wa mkataba tungeweza kuikataa hata hiyo lakini msaidizi alituambia chaguo ni letu, zuio tutalipata inshaallah lakini gari itakaa yadi mpaka siku ya kusikilizwa na kila siku mume wangu hana kazi. Tukaamua kulipa. Malimbikizo 1,240,000, la mwezi huu wa sita 620,000, na hiyo laki 3, jumla 2,160,000. Bangili yangu ya mwisho imekwenda, upatu wa akina mama wa hapa mtaani wamenipa zamu yangu mapema bila ya hata kuwaomba mara mbili, na kaka yangu wa Konde katoa iliyobaki. Ami ndo kabeba pesa mwenyewe akasema nataka niwaone hawa walionitisha.

Tumesainiana karatasi mpya, safari hii mume wangu kaisoma kwa sauti mbele yao kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho na wao wakasubiri. Imeandikwa kuwa ile ya bandarini haina nguvu, yamebaki marejesho manne, na notisi yoyote lazima ipite kwa sheha. Nakala ninayo.

Gari imerudi jana magharibi. Kilomita zimezidi 212 kuliko picha tuliyopiga siku ya kwanza yadi, mtu kaiendesha. Kitambulisho kipo. Mkoba wa mtoto ulikuwa chini ya kiti umelowa, madaftari yamegandana, la hesabu nimelianika juu ya bati. Na tairi ya akiba iliyomo siyo yetu, yetu ilikuwa mpya hata vile vinywele vya mpira havijakatika, hii imepara mpaka waya unaonekana. Nimeipiga picha nimewatumia asubuhi pamoja na fomu yao wenyewe ya vitu, pale kwenye mstari wa tairi wameandika "1, mpya, ipo". Wameisoma, bado hawajajibu.